Mtandao wa Nani? Tahakiki ya Istilahi ya VPN na Jamaa Zake

Mwandishi wa makala haya alikwenda Kilosa, na kutoka Kilosa akaendelea hadi Mikumi, kwa kazi ya kukusanya maneno ya mpunga na ya reli. Mpunga, kwa kuwa wakulima wa wilaya ile wana majina ya punje ambayo hatukuyakuta katika kamusi zetu. Reli, kwa kuwa Kilosa ni mji uliokua pamoja na reli. Reli ya Kati ilifika hapo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, tawi la kwenda Kidatu kupitia Mikumi likafuata katika miaka ya 1960, na reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, imechimbiwa mahandaki katika milima ya wilaya hiyo hiyo. Maneno hayo yatachapishwa kwa wakati wake. Hapa nayaazima mawili tu, pepe na handaki, kwa jambo ambalo sikulifuata: jina la Kiswahili la kitu ambacho wananchi hukiita VPN.

Jambo lenyewe lilianzia sebuleni kwa mwalimu mstaafu wa Mikumi aliyetukaribisha chakula cha jioni. Mzee huyu ana televisheni ya kioo bapa ambayo haina king'amuzi wala dishi; hupata picha kwa intaneti ya bando la simu yake. Mwanawe, afanyaye kazi Muscat, alimwekea programu ya VPN ili aweze kutazama vipindi vya iPlayer ya BBC, huduma iliyoanza mwaka 2007 na ambayo hutolewa kwa watazamaji walioko Uingereza tu. Malipo ya programu ile yalipokwisha, kijana fundi wa simu pale stendi alimwekea nyingine ya bure. Programu hii ya bure ilikuwa imefasiriwa Kiswahili, na juu ya kioo ikaandika: mtandao pepe binafsi.

Mwalimu aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mwanangu, wewe ni mtu wa lugha. Huu mtandao binafsi ni wa kampuni gani? Mitandao ya simu naijua yote, huu siujui." La pili: "Na kama neno binafsi maana yake ni kwamba ni wangu mimi, basi nani mwingine anayeona ninachotazama?" Swali la kwanza nililijibu kwa kicheko. La pili sikuweza kulijibu bila kuivunjavunja istilahi yenyewe, na nilipokuwa nikiivunja ndipo mzee aliponieleza kwamba tangu aone neno binafsi aliacha hofu, akawa anaandika nywila ya barua pepe yake kila alipoombwa na dirisha lililochomoza juu ya kioo. Madirisha hayo yalianza kuchomoza baada ya programu ile ya bure kuwekwa. Usiku ule ule tulibadilisha nywila zote.

Ninaandika tahakiki hii kwa sababu ya nywila zile. Huwa tunajadili istilahi kana kwamba kosa lake kubwa kabisa ni kutopendeza masikioni. Hapa palikuwa na istilahi iliyompotosha mtu mzima, msomi, aliyeisoma kwa makini na kuielewa sawasawa kama Kiswahili kinavyotaka ieleweke.

Tutazame maneno yake moja moja. Mtandao, katika matumizi ya Tanzania ya leo, hubeba angalau maana tatu: muunganiko wa vitu vingi, intaneti yenyewe, na kampuni ya simu. Mtu akisema "mtandao wangu unasumbua" huenda anailaumu kampuni iliyomwuzia laini. Binafsi nalo limekwisha kupewa kazi na historia yetu ya kiuchumi: shule binafsi, hospitali binafsi, sekta binafsi, yaani kisicho mali ya serikali. Ukiyaunganisha hayo mawili unapata kampuni ya simu isiyo ya serikali, na hivyo ndivyo mwalimu alivyoelewa. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hapa lina maana mbili katika gamba moja, ya umiliki na ya faragha. Kiswahili kinazitenga, na mfasiri akachagua ile isiyotakiwa. Wengine wameandika mtandao wa faragha pepe. Hao wamekaribia zaidi, ingawa faragha nayo inaahidi kitu kisichotolewa, kama tutakavyoona.

Limebaki pepe. Hili limefanikiwa mno katika barua pepe, na mafanikio yake ndiyo yaliyolifanya litumike kila mahali: duka pepe, darasa pepe, fedha pepe. Lakini mkulima wa mpunga analijua pepe tangu utotoni. Ni punje tupu, gamba lisilo na kiini, lile linaloruka ungo unapopepetwa. Mama mmoja wa Kilosa, nilipomtajia mtandao pepe, aliuliza bila mzaha: "Kwa hiyo haushiki?" Barua pepe ilinusurika kwa sababu kila mtu aliiona ikifika, uzoefu uliisahihisha istilahi. VPN haionekani ikifika wala ikiondoka. Mtumiaji hana cha kumsahihishia, analo jina tu.

Kosa, hata hivyo, si la mfasiri peke yake. Jina la Kiingereza limehama. Teknolojia hii, iliyoenea tangu miaka ya 1990, ilikusudiwa makampuni na mashirika. Benki yenye tawi Kilosa na makao makuu Dar es Salaam ilihitaji mawasiliano ambayo wengine hawayaoni. Hapo awali ililazimika kukodi waya wake peke yake kutoka mji hadi mji, jambo la gharama kubwa. Kwa VPN iliweza kutumia intaneti ya watu wote, ikiyasimba mawasiliano yake kwa namna ambayo matawi yake yalikuwa kana kwamba yamo katika jengo moja. Kwa benki ile mtandao ulikuwa wa kwake hasa: mwanzo wa njia ni wake, mwisho ni wake, na kompyuta za pande zote mbili ni zake. Kuuita binafsi ni haki kabisa.

Kilichoko sebuleni Mikumi ni kitu kingine kilichorithi jina lile. Simu ya mwalimu hufunga kila inachotuma ndani ya bahasha ya pili, iliyosimbwa, na kuandika juu yake anwani ya kompyuta iliyoko, tuseme, London. Kampuni ya simu huibeba bahasha hiyo bila kujua kilichomo. Inajua tu imetoka kwa nani, inakwenda kwenye seva gani, ina uzito gani na imepita saa ngapi. Kule London mwenye seva huifungua bahasha ya nje, akalipeleka ombi mbele kwa anwani yake yeye. Huduma ya televisheni huona ombi limetoka London, si Mikumi, ikatoa kipindi. Hayo ndiyo yote. Mwanzo wa njia ni wa mwalimu, lakini mwisho wake ni wa mtu ambaye mwalimu hamjui jina, wala nchi, wala namna anavyopata riziki. Mtu huyo anaona mwalimu anakwenda wapi. Tovuti za benki na za barua pepe husimba mambo yake zenyewe, kwa hiyo yaliyomo humo yamefichika hata kwake. Ila safari zote za msafiri zimo mikononi mwake, na anayetoa huduma ya bure anaweza akawa anaishi kwa kuuza habari za safari hizo au kwa matangazo yanayochomoza juu ya kioo.

Kwa hiyo tuna dhana mbili zenye jina moja la kigeni. Mwanaistilahi halazimiki kuurithi mkanganyiko wa lugha aliyoazima. Mtandao wa benki tunaweza kuuachia jina lake la mtandao binafsi, hata hilo pepe likibaki. Kitu cha sebuleni kinahitaji jina jingine, tena upesi, kwa maana neno VPN limekwisha kuingia katika vinywa vya watu kwa milango mingi. Liliingia kwa wengi Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilipokuwa haipatikani. Likaingia tena Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa. Katikati ya hayo, Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na makampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa za matumizi hayo, pamoja na anwani zao za intaneti, kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Taarifa ilikumbusha adhabu iliyomo katika kanuni za maudhui ya mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Hapa si mahali pa kuijadili kanuni. Ninalolitazama ni lugha. Mwananchi anaambiwa atoe taarifa za kitu ambacho jina lake linamwambia kuwa ni chake binafsi na kwamba ni pepe, yaani hakipo. Tutamlaumuje akidhani tangazo lile linawahusu wengine?

Nilipokuwa bado Mikumi nilijaribu majina kadhaa mbele ya mwalimu na jamaa zake. Mchepuko lilikuja kwanza, kwa kuwa barabara ya mchepuko ndiyo dereva aifuatayo njia kuu inapofungwa, na mtazamaji wa iPlayer naye amekuta njia kuu imefungwa. Mwalimu alicheka hata akaweka kikombe chini, mkewe hakucheka. Mtaa umelitwaa neno hilo kwa maana ya mpenzi wa pembeni, na ni vigumu kumtaka mtu mwenye heshima zake aseme sebuleni kwamba anawasha mchepuko.

La pili lilitokana na Kidatu. Reli ya Kilosa, yenye upana wa meta 1, hukutana pale na TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Behewa la upande mmoja halikuweza kuendelea upande wa pili, kwa hiyo mzigo ulilazimika kuhamishwa kutoka treni hadi treni. Seva ya London hufanya vivyo hivyo: mzigo ni ule ule, mchukuzi ni mwingine, na anayeupokea humwona mchukuzi wa mwisho tu. Mfano huu unaeleza vizuri sana, lakini haukunipa neno. Kituo cha kuhamishia mizigo ni maelezo, si jina.

La tatu ndilo ninalolipendekeza, na sikulibuni. Nililisikia kituoni Kilosa kwa abiria aliyeteremka kutoka upande wa Dodoma, akimsimulia mwenziwe kwa simu: "Tuliingia handakini, giza, tukatokea upande wa pili." Handaki la mtandao. Wahandisi wenyewe, katika lugha wanayoitumia kazini, huita kitendo hiki kupitisha kitu ndani ya njia ya chini ya ardhi. Kwa hiyo hatuendi kinyume cha dhana, bali tunaifuata mahali ambapo jina la kibiashara limeiacha.

Tazama jinsi sitiari hii inavyomfundisha mtumiaji bila mwalimu. Aliye nje ya mlima haoni kilichomo ndani ya treni ikiwa handakini. Hiyo ndiyo faragha inayotolewa, na ni ya kweli. Lakini aliyesimama mlangoni ameiona treni ikiingia, na kampuni ya simu ndiye huyo. Aliyesimama kwenye mlango wa kutokea huiona inakoelekea, na mwenye seva ndiye huyo. Handaki lina mwenyewe, aliyelichimba kwa sababu zake. Handaki halina faida reli yote ikisimamishwa. Waliojaribu kuwasha VPN intaneti ilipozimwa nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 walilijua hilo. Na sarufi yake ni nyepesi: ingia handakini, toka handakini, mlango wa handaki, mwenye handaki, handaki la bure. Jaribu kuunda tungo hizo kwa mtandao pepe binafsi uone ulimi utakavyokwama.

Najua pingamizi litakalotolewa katika kamati. Handaki, kwa wazee wetu na katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ni shimo refu la kujikinga vitani, na waliokuwa na akili zao wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hawakusahau. Nakubali. Lakini maana hiyo imekwisha kupanuliwa, si na sisi bali na reli: magazeti na redio zimeyaita mahandaki yale ya Kilosa hivyo tangu ujenzi, na hakuna msikilizaji aliyedhani kwamba askari wamejificha humo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: neno hili lina harufu ya usiri, nalo litamfanya mtumiaji halali, kama mfanyakazi wa benki aliyeko safarini, aonekane mhalifu. Ndiyo maana nimependekeza tuzitenge dhana mbili. Anayeingia mtandao wa mwajiri wake ana mtandao binafsi. Anayepita kwa mtu asiyemjua ili aonekane yuko nchi nyingine yumo handakini, na si vibaya ajue kwamba yumo.

Niseme kidogo juu ya maneno jamaa, kwa kuwa istilahi haiishi peke yake. Kutiririsha na utiririshaji, kwa televisheni inayotazamwa huku ikipokewa, sikuyapenda tangu nilipoyasikia. Katika habari zetu kitenzi hiki huenda na maji machafu: kiwanda kimetiririsha majitaka mtoni, wakazi wametiririsha vyoo mvua iliponyesha. Nilikwenda nimeandaa hoja za kukifukuza. Huko Kilosa, ambako Mto Mkondoa umewafundisha watu tofauti ya maji yanayotembea na maji yanayovunja kingo, nilisikia kijana akisema juu ya mpira aliokuwa akiutazama kwa simu: "Imeganda." Baadaye: "Sasa inatiririka." Hakuna aliyemfundisha jozi hiyo. Kisichotiririka kimeganda, lugha imejikamilisha yenyewe, nami nimezirudisha hoja zangu mfukoni. VPN, tuongeze, huzidisha kuganda, kwa kuwa picha iliyotoka Uingereza hulazimika kupita kwa mwenye handaki kwanza. Nayo bahasha ya pili hula bando kidogo zaidi. Si jambo dogo kwa anayetazama picha angavu, ambayo kwa makadirio ya Netflix hufikia gigabaiti 3 kwa saa.

Kusimba na kusimbua ni jozi nzuri kama kufunga na kufungua, na sioni haja ya kuongeza fiche mwishoni. Mikumi, ambako barabara kuu hupita katikati ya hifadhi na simba ni jirani, kitenzi kusimba kilizua mzaha wa dakika kumi. Mzaha si dosari. Waliocheka walilikumbuka neno siku ya pili. Zuio la kijiografia nalo ni refu na la kitabu. Watu husema "haifunguki huku", na hapo wamesema yote: Januari 2016 Netflix ilipojifungua kwa nchi 130 mpya, Tanzania ikiwamo, haikuwapa wote orodha moja ya filamu, kwa kuwa haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, na mwezi ule ule ikatangaza kwamba itawazuia wanaotumia VPN kufungua orodha za kwingine. Kufungika na kutofunguka kwaweza kuingia katika kamusi bila kuvaa koti.

Kuna jambo la haraka ambalo wenzangu hawapendi kulisikia. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na kila nyumba ikahitaji kijisanduku kipya. Wakati wataalamu wakipima, maduka yaliuza ving'amuzi. Kisimbuzi ni neno bora, linafuata dhana, na leo liko katika nyaraka nyingi. Lakini nyumbani king'amuzi hakijaondoka, na mwalimu wa Mikumi, mtu mwangalifu wa lugha, husema king'amuzi. Huko hatukupata hasara, kwa sababu kung'amua hakumdanganyi mtu juu ya kile kisanduku kinachofanya. Kwa VPN jina lililotangulia sokoni linadanganya, na kila mwezi tunaochelewa programu nyingine hufasiriwa kwa kunakili ile iliyotangulia.

Hivyo naiwekea kamati rasimu hii. Handaki la mtandao: njia iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti kutoka kifaa cha mtumiaji hadi seva ya mwenye handaki, ambayo kwayo mtumiaji huonekana yuko mahali ilipo seva hiyo, anayebeba mawasiliano haoni yaliyomo, lakini mwenye handaki huona yanakokwenda. Niliisoma rasimu kwa simu kwa mwalimu. Alitaka maneno "mwenye handaki" yawe ya kwanza, si ya mwisho, kwa kuwa, alisema, wasomaji wa kamusi huishia katikati. Sijaamua. Wasomaji wa Pwani, wa Ziwa na wa Visiwani ambao kwao kitu hiki kina jina jingine lililokwisha kuzoeleka wanaombwa watuandikie, wakitaja mahali walipolisikia na sentensi nzima iliyosemwa, kabla kamati haijakaa.